UZI: Kifaransa cha karatasi za mizigo Kigoma, na kadi za kwenye simu zilizonifanya nisisahau maneno

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Niko Kigoma mjini. Kazi yangu ni kuandaa nyaraka za mizigo inayovuka ziwa kwenda Kongo na Burundi. Kuna mdau aliniuliza kwenye uzi mwingine nimejifunzaje Kifaransa bila kukaa darasani, nikamwahidi nitaeleza. Ni ndefu, mnivumilie.

Kwanza muelewe shida yenyewe. Mfanyabiashara wa Kalemie au Uvira, kule Kongo, akishuka kwenye bandari ndogo ya Kibirizi tunaongea Kiswahili. Chake kina ladha yake, lakini tunaelewana. Akija Mrundi, sisi Waha hatuhitaji mkalimani, maana Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Kwa mdomo hakuna kinachotushinda. Kazi inaanza bahasha ikifunguliwa: karatasi zote Kifaransa. La facture (ankara), le bordereau (orodha ya mzigo), poids brut (uzito pamoja na vifungashio), poids net (uzito wa mzigo wenyewe), droits de douane (ushuru wa forodha). Mwenye mzigo mwenyewe mara nyingi hawezi kukusaidia, karatasi kaandikiwa na mtu mwingine huko alikotoka.

Mwaka wangu wa pili kazini niligeuza majina. Karatasi ilikuwa na expéditeur, yaani mtuma mzigo, na destinataire, mpokeaji. Nikajaza mtuma kwenye nafasi ya mpokeaji. Kosa liligundulika boti ikiwa imeshapakia. Katoni za sabuni zikashushwa moja moja, na mteja akalala Kigoma siku mbili akisubiri boti nyingine. Hakunitukana. Alikaa juu ya mzigo wake akanitazama tu, na ile sura sijaisahau.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hayo maneno nilikuwa nayo. Yalikuwa kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu, na nilikuwa nimeyapitia mara nyingi sana. Lakini niliyaandika siku moja, moja chini ya lingine, nikayasoma pamoja kila mara, yakaingia kichwani yakiwa yameshikana kama pacha.

Ndipo nikaanza kutafuta kwa nini mtu anasoma orodha mara hamsini halafu siku ya kazi haipo. Nikakutana na jambo ambalo kila Mswahili angependa kulijua. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, walichapisha jaribio kwenye jarida la Science. Wanafunzi wa chuo walipewa maneno 40 ya lugha ngeni wayajue maana yake kwa Kiingereza. Hiyo lugha ngeni ilikuwa Kiswahili! Mojawapo ya maneno ni mashua. Sisi tunaoamka tunaziona mashua, wenzetu walikuwa wanahangaika kulikumbuka neno.

Wote walifikia hatua ya kuyajua maneno yote. Tofauti ilikuwa hapa: wengine, neno wakishalipatia mara moja, hawakuulizwa tena, hata kama waliendelea kulisoma. Wengine waliendelea kuulizwa. Baada ya wiki moja, walioendelea kuulizwa walikumbuka karibu asilimia 80. Wale walioacha kuulizwa walikumbuka kama theluthi tu, na kusoma kwao kwa ziada hakukuwasaidia kitu.

Mimi na daftari langu la wino mwekundu tulikuwa kwenye hilo kundi la pili. Nilikuwa nasoma, hakuna aliyekuwa ananiuliza.

Kadi kazi yake ni hiyo: kukuuliza. Mbele neno, nyuma maana, na katikati yake kuna ile sekunde ya kuhangaika ambapo kichwa kinachimba. Ukigeuza kadi kabla hujachimba, umesoma orodha tu. Mimi huwa natamka jibu kwa sauti kabla ya kugeuza, hata nikiwa kwenye bajaji kutoka Ujiji, na watu wamenizoea.

Jambo la pili ni muda. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha mwaka 1885. Alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, halafu kasi inapungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa siku tofauti yanashinda yaliyorundikwa siku moja. Kwa hiyo kadi uliyoipatia leo irudi kesho, ukiipatia tena irudi baada ya siku kadhaa, halafu wiki, halafu mwezi. Ukiikosa inaanza upya. Huwezi kupanga hayo kwa kichwa kwa maneno 800, ndiyo maana kuna programu.

Mimi natumia Anki. Ilitolewa mwaka 2006 na Damien Elmes, na jina lenyewe ni neno la Kijapani la kukariri. Kwenye kompyuta ni bure. Kwenye simu za Android iko inayoitwa AnkiDroid, nayo bure. Wenye iPhone, ile rasmi inalipiwa. Ukishaipakua, marudio ya kila siku hayali bando. Mimi narudia hata mtandao ukiwa umekatika.

Nitaendelea. Napikia watoto kwanza.

Mdau

Dada, hongera, ila naomba nipingane na wewe. Hiyo ni kukariri kama kasuku. Lugha ni kuongea na watu. Kigoma umezungukwa na Wakongo, kaa nao utajua. Marehemu babu yangu alijua lugha tano na hakuwahi kushika kadi.

Mleta uzi

Mkuu, nimekuelewa, na kwa babu yako nakubali kabisa. Yeye neno alikutana nalo sokoni leo, kesho, keshokutwa, watu wakimuuliza na yeye akijibu. Soko lilikuwa linamuuliza. Mimi neno "échéance", tarehe ya mwisho ya kulipa, nakutana nalo pengine mara moja kwa mwezi, kwenye karatasi, na siku hiyo kosa lina gharama. Hakuna mtu Kibirizi anayeniongelesha échéance. Hao Wakongo unaosema nikae nao, wakiniona tu wanasema Kiswahili! Mwezi mzima ungepita bila kusikia sentensi tatu za Kifaransa.

Kadi haikufundishi kuongea. Hilo nalisema wazi ili asije mtu akakaa mwaka na simu halafu akashangaa ulimi haufunguki. Inachofanya ni kuhakikisha neno ulilokutana nalo halipotei mpaka ukutane nalo tena.

Na hapa ndipo kuna kosa kubwa la wanaoanza, nami nililifanya. Nilipakua rundo la kadi 5,000 la mtu mwingine. Siku ya nne nakutana na neno la kereng'ende. Kereng'ende wa nini mimi? Nikalifuta lote. Tangu hapo kila kadi yangu imetoka kwenye karatasi niliyoishika kwa mkono wangu. Neno likinishinda kazini naliandika nyuma ya kalenda ya ofisini, jioni nalitengenezea kadi. Likija kuulizwa wiki ijayo, nakumbuka mpaka mteja aliyelileta na mzigo wake ulikuwa nini. Hiyo kumbukumbu rundo la kupakua halina.

Sasa namna ya kuandika kadi yenyewe. Wakuu, hapa ndipo watu wanapokwama.

Usiandike nomino ya Kifaransa peke yake. Andika na le (ya kiume) au la (ya kike) yake: le bateau (meli), la facture, le poids (uzito), la cargaison (shehena). Wengi wanaona hilo ni pambo. Sisi wenye ngeli tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa! Mgeni akisema "kiti yangu" unajua papo hapo amejifunza neno bila ngeli yake, na kumrekebisha baadaye ni kazi kubwa. Jinsia ya Kifaransa ni hivyo hivyo. Ingiza pamoja na neno siku ya kwanza.

Usirundike maana kwenye kadi moja. Kitenzi prendre niliwahi kukiandikia nyuma: chukua, panda, kunywa, pokea. Kila mara nakumbuka mbili, nasahau mbili, sijui nijihesabie nimepata au nimekosa. Nikakivunja. Sasa kadi moja inasema "prendre le bateau", nyuma: kupanda meli. Nyingine "prendre un médicament", kunywa dawa. Swali moja, jibu moja.

Sentensi yenye pengo ni bora kuliko neno tupu. Mfano: "Le client a versé un ___ de 200 dollars." Jibu: acompte, malipo ya kutanguliza. Zamani nilikuwa nalichanganya na compte, akaunti. Lilipokaa ndani ya sentensi yenye pesa na mteja, mchanganyiko uliisha.

Maneno yanayofanana yaingie siku tofauti. Expéditeur niliingiza, nikasubiri mpaka likawa linarudi kwa wiki mbili mbili, ndipo nikamleta mwenzake destinataire. Sijawahi kuyageuza tena.

Mdau wa Kasulu

Dada naomba kuuliza, matamshi je? Kifaransa kinaandikwa kivyake, kinasomwa kivyake. Mimi nafanya kazi na wakimbizi huku, Wakongo na Warundi. Nikisoma naelewa, akiongea sishiki hata neno.

Mleta uzi

Swali zuri sana, kaka.

Kadi ya maandishi pekee itakufundisha kusoma na kukuacha kiziwi. Poids, uzito, linatamkwa "pwa". Na pois, njegere, nalo ni "pwa" hilo hilo. Kwa hiyo maneno ya kusikia yatengenezee kadi ya sauti: mbele hakuna maandishi, unabonyeza unasikia, nyuma ndiyo unaona neno na maana. Programu inarekodi yenyewe, huhitaji kifaa kingine.

Mimi namuomba mteja wa Uvira tunayeheshimiana, mama mmoja mtu mzima, anisomee maneno kumi wakati mzigo unahesabiwa. Mwombe mtu ruhusa kwanza, mweleze sauti inaenda wapi. Kwa kazi yako ya kambini hilo ni muhimu zaidi.

Kuna sababu nyingine ya kutaka sauti ya watu wa huku. Nilijifunza namba kwa Kifaransa cha Ufaransa. Sabini ni soixante-dix, sitini na kumi. Tisini ni quatre-vingt-dix, ishirini nne na kumi. Nimezikariri vizuri, najiona mtu. Siku moja mzee kutoka Kalemie ananisomea idadi ya magunia: "nonante". Nikamwomba arudie mara tatu. Kumbe Kongo na Burundi, kwa kuwa zilitawaliwa na Wabelgiji, watu husema septante kwa sabini na nonante kwa tisini. Themanini ndiyo imebaki quatre-vingts. Kwa hiyo mtu wa Kigoma anayepakua kadi za Paris anajiandaa kwa mteja ambaye hatakuja. Kadi zangu za namba sasa zina zote mbili, lakini ya septante ndiyo ina sauti.

Na picha piga mwenyewe. Samaki wetu mgebuka, Warundi wanamwita mukeke. Nilimpiga picha pale Kibirizi akiwa kwenye beseni, nikaweka mbele ya kadi. Hakuna tafsiri hapo, unamwona samaki unasema jina.

Mdau wa Tabora (mwalimu)

Heshima kwako dada. Mimi nafundisha sekondari hapa Tabora. Watoto wetu hawaruhusiwi simu shuleni, na wengi hata nyumbani hawana, lakini kanuni unayoisema tumeitumia kwa manila na boksi la viatu.

Kidato cha kwanza wanatoka msingi walikosoma kwa Kiswahili, ghafla Jiografia na Biolojia ni Kiingereza. Mtoto anaujua mvuke kwa macho yake, sufuria nyumbani inamfundisha kila siku, ila neno "evaporation" ndilo linamfanya aonekane hajui. Nikawakatia kadi. Boksi tumeligawa vyumba vitano kwa vipande vya katoni. Kadi mpya inakaa chumba cha kwanza, kinapitiwa kila siku. Ukipatia, inahamia cha pili, kila baada ya siku mbili. Cha tatu mara moja kwa wiki, cha nne kila wiki mbili, cha tano mwisho wa mwezi. Ukikosa, hata kama ilikuwa chumba cha tano, inarudi cha kwanza. Mbinu hii ya visanduku ilielezwa na mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972, kabla ya simu hizi.

Wanaulizana wawili wawili, mmoja anashika kadi, mwingine anajibu. Nimeona kitu kimoja: mtoto aliyeandika kadi kwa mkono wake anaikumbuka kuliko niliyomwandikia mimi. Sasa siwaandikii tena.

Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo. Umenifurahisha sana. Huo ndio mfumo ule ule, simu imeondoa tu kazi ya kuhesabu siku. Mwenye simu isiyo janja asione uzi huu haumhusu, asome ulichoandika.

Mdau mwingine wa Tabora

Mimi najifunza Kiarabu. Nilidhani itakuwa mteremko kwa sababu Kiswahili kimejaa Kiarabu. Safari, habari, maktaba, unazitambua. Lakini kadi ndizo zimenionyesha mitego. "Rahisi" kwetu ni isiyo ngumu na pia ya bei ndogo. Kwa Waarabu rakhis ni bei ndogo tu, isiyo ngumu ni sahl. Haya maneno yanayofanana ndiyo nayakosa mara nyingi kuliko yale mageni kabisa.

Mleta uzi

Hayo yawekee kadi za peke yake, ndugu yangu, zenye sentensi. "Mtihani ulikuwa ___" jibu sahl. "Shati hili ni ___" jibu rakhis. Kichwa kinapenda njia iliyozoeleka, lazima ukizibie.

Mdau

Ni mimi niliyepinga juu. Nimeipakua juzi. Imeniletea kadi mpya 20 kwa siku, nimefurahia. Niongeze hadi 50?

Mleta uzi

Kaka yangu, usiongeze. Punguza! Nakuomba.

Hizo 20 ndiyo kiwango inachokuja nacho. Siku za kwanza ni raha, dakika kumi umemaliza. Lakini kila kadi mpya unayoingiza ni deni: itarudi kesho, wiki hii, wiki ijayo, mwezi ujao. Mimi na hizo 20, baada ya wiki chache nilikuwa na marudio zaidi ya 150 kwa siku. Halafu mama akaugua, nikawa namuuguza siku 11. Niliporudi kufungua simu nikakuta kadi zaidi ya 700 zinanisubiri. Nikaifunga. Sikuifungua karibu miezi miwili, na maneno mengi yakaenda.

Nilivyojinasua ni hivi: kadi mpya niliweka sifuri. Marudio nikaweka kikomo cha 50 kwa siku, basi, hata kama zinasubiri mia sita. Asubuhi 25 nikisubiri maji yachemke, jioni 25. Nyingi nilizidhani nimezisahau nilizipata kwa kujaribu mara moja. Baada ya wiki tatu na kitu mlima ukaisha, ndipo nikarudisha mpya, sita kwa siku. Sita unaziona chache, lakini kwa siku 300 ni maneno 1,800. Hakuna karatasi ya mzigo Kigoma yenye maneno 1,800.

Jambo lingine: usijidanganye kwenye vitufe. Kuna vinne, kuanzia cha kurudia mpaka cha rahisi. Kama umekosa, bonyeza kurudia, hata kama "nilikuwa nakaribia". Cha pili, cha ngumu, ni cha neno ulilolipata kwa shida. Wengi wanakibonyeza wakiwa wamekosa, wakiona aibu kubonyeza kurudia, halafu programu inaamini wanajua.

Mdau

Nimepunguza hadi nane. Swali la mwisho: kuna kadi moja nimeikosa siku zote. Kila ikija, nakosa. Niifute?

Mleta uzi

Usiifute bado. Programu yenyewe, ukiisahau kadi mara nane, inaitia alama, na inaweza kuiweka pembeni. Watu wanaona ni adhabu, mimi naona ni ushauri: kadi imeandikwa vibaya, iandike upya.

Yangu ilikuwa échéance, ile niliyokutajia. Nyuma nilikuwa nimeandika "tarehe ya mwisho wa malipo". Nikaikosa wiki baada ya wiki. Halikuwa na sura, halikuwa na mtu. Nikaifuta ile ya zamani nikatengeneza nyingine. Mbele nimeandika: yule wa mafuta ya mawese aliyekopa madumu 40, lazima alipe kabla ya tarehe 30, tarehe hiyo kwa Kifaransa ni l'___. Nikaweka picha niliyopiga mwenyewe, madumu ya njano yamepangwa ukutani. Ilipokuja siku iliyofuata nikaiona ile njano, neno likatoka kabla sijamaliza kusoma.